Majogoo wa Bi Siwema na Usiku Mrefu

Nchi yenyewe haipo, kwa hiyo msijisumbue kufungua ramani. Aliyenihadithia aliniapia kuwa haipo, nami nikamwamini, maana ni mtumishi mstaafu, na wastaafu wa huko hawasemi uongo ila wakiulizwa hali zao. Mkiona jambo humu linafanana na la kwenu, basi ni kwenu kunakofanana, mimi simo.

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke anaitwa Bi Siwema, mtu mzima, mwembamba, magoti yanalia akiinama. Alikuwa na mume, Mzee Shante, mstaafu wa reli mwenye pumu, na alikuwa na kuku nyuma ya nyumba. Kuku wa majirani walikuwa kuku tu. Wa Bi Siwema walikuwa na malezi.

Mtaa mzima ulijua hilo. Jogoo wa kwa fulani anamrukia kila anayekwenda dukani, wa kwa fulani amemchana mleta posa mguu mpaka posa ikavunjika, lakini jogoo wa Bi Siwema unaweza kumwachia mtoto anayetambaa ukaenda zako sokoni. Watu walimuuliza anawalisha nini. "Pumba, kama ninyi," alijibu. "Ila mimi nakaa nao."

Na kweli alikaa nao. Kifaranga akishaonekana ni dume, jioni alimpakata kwenye kanga na kumsemesha habari za siku. Akifika umri wa pora, umri ule wa kujiona, akaanza kutunisha manyoya ya shingo na kutafuta wa kugombana naye, Bi Siwema hakumpiga wala hakumkimbiza. Ukimpiga jogoo, alisema, umemwambia kuwa na wewe ni jogoo. Alimnyanyua, akambana kwapani, akaendelea na kazi zake. Alipepeta mchele jogoo kwapani, akateka maji jogoo kwapani, akasalimiana na majirani jogoo kwapani, mpaka aibu ikamwingia ndege wa watu akatulia. Somo la mwisho lilikuwa la chakula. Jogoo mwenye adabu akiona punje huita mitetea, huinua punje na kuiangusha mbele yao, na yeye hula wa mwisho. Asiyejua kuita wenzake, hata awe na mkia wa kupendeza vipi, alikwenda chunguni.

Jogoo wake wa wakati huo aliitwa Diwani. Jina alipewa kwa ajili ya mwendo wake tu, maana chakula yeye alikuwa anagawa.

Kila alfajiri Diwani aliwika chini ya dirisha. Mzee Shante alifungua mlango, akasimama kizingitini, akanyoosha mgongo, akakohoa kidogo, akasema, "Kumekucha, mwenzangu." Bi Siwema akajibu kutoka jikoni, "Kumekucha salama." Miaka na miaka. Walikuwa na maneno mengine, ya mahari, ya watoto waliokwenda mbali, ya paa linalovuja, lakini hayo mawili ndiyo yaliyoshika nyumba.

Sasa msimu mmoja wa baridi pumu ilimzidi mzee. Hakupata usingizi ila karibu na kucha, na hapo ndipo Diwani alipoanza kazi yake. Bi Siwema alimhurumia mumewe. Akachukua tenga fupi, akamfunikia jogoo, fupi kiasi kwamba hakuweza kuinua kichwa. Jogoo hawiki mpaka anyooshe shingo, ndivyo alivyoumbwa. Mzee akalala. Alipoamka mwenyewe, Bi Siwema akainua tenga, Diwani akatoka, akanyoosha shingo, akawika kama anayelipa deni. Baridi ilipokwisha tenga likarudi jikoni kufunikia vyungu.

Jambo lenyewe ni hilo tu. Alilifanya kwa mapenzi. Kosa ni kumsimulia jirani.

*

Wakati huohuo, huko Ikulu, Mlezi Mkuu wa Nchi alikuwa anaota. Redio ilieleza baadaye kwamba ilikuwa ndoto ya maendeleo. Mlezi Mkuu alikuwa amefika kwenye daraja kubwa, mkasi mkononi, utepe mbele yake, na jogoo wa mpishi akawika. Utepe haukukatwa. Taifa likawa limepoteza daraja. Mpishi hakuonekana tena, ila jogoo alionekana, kwenye sahani.

Bunge likaketi, likapiga makofi, likapitisha Sheria ya Asubuhi. Ilisema kwamba asubuhi ni mali ya umma na haiwezi kuachwa ianze ovyo. Mlezi Mkuu ataamka kwa hiari yake, bila kuamshwa na yeyote. Akiamka, king'ora cha Ikulu kitalia. King'ora kikilia, majogoo watawika. Jogoo wa kata akiwika, ndipo kutakuwa asubuhi katika kata hiyo, na si kabla. Jua lilitajwa katika muswada wa kwanza, lakini liliondolewa kwa kuwa halikuwa limesajiliwa.

Lililobaki ni kuwaelewesha majogoo. Wataalamu walijaribu semina. Wakajaribu mabango. Hapo ndipo hadithi ya tenga, iliyotoka kwa jirani ikapita kwa kinyozi, ilipofika wizarani, na asubuhi moja Waziri wa Adabu, Mheshimiwa Lukumbo, akateremka kwenye gari mbele ya nyumba ya Bi Siwema pamoja na watu wa kujaza ua.

"Mama," alisema Waziri, "taifa limekuja nyumbani kwako."

"Karibuni," akasema Bi Siwema. "Ila vikombe havitatosha."

Waziri alihutubia hata kabla hajakaa. Alisema nchi haijengwi kwa matofali, inajengwa kwa usingizi. Alisema wakoloni walituachia majogoo wasio na mwelekeo, wanaowika kila mmoja kwa wakati wake, na huo ndio mwanzo wa vyama vingi. Alisema jogoo wa kisasa ni jogoo msikivu. Mitetea ilisimama kumsikiliza, ikaona hana punje, ikaondoka.

Mgeni ni mgeni. Bi Siwema alimpeleka pora kwa jirani akachinjwa, akapika. Firigisi, ambayo katika nyumba ile ilikuwa ya Mzee Shante tangu wiki ya harusi, aliila Waziri huku akiuliza maswali, na Bi Siwema, aliyelelewa kuwa mgeni akiuliza hanyimwi jibu, akamjibu yote. Alisema shingo ndiyo siri. Alisema pia kwamba tenga ni la siku chache, si kitanda, na jogoo akikaa sana chini ya tenga husahau. Akasema mambo ya matenga si adabu hasa, adabu yenyewe iko kwenye kula wa mwisho.

"Hii ya kula wa mwisho niiandike, Mheshimiwa?" aliuliza katibu.

Waziri alilamba kidole. "Hiyo iache. Tusiwachanganye wananchi."

"Na ya siku chache?"

"Iache pia. Serikali haifanyi mambo ya siku chache."

Wakaondoka na vumbi lao. Wiki haikuisha, Bi Siwema akatangazwa kuwa Mama wa Adabu ya Majogoo Kitaifa. Akaletewa cheti chenye fremu, na picha yake ikatoka gazetini akiwa amepakata jogoo ambaye hakuwahi kumwona maishani. Mzee Shante alikitazama cheti muda mrefu.

"Mwenzangu," akasema, "si ungewaambia hujui?"

"Wageni waliuliza," akasema Bi Siwema.

*

Makasha yalikuja kwa malori. Kila jogoo alipata lake, la mbao, lenye dari fupi na kufuli, na funguo za kata nzima akakabidhiwa Mtendaji wa Kata, Bwana Chambulilo, mtu mpole mwenye kitambi na huzuni, aliyetembea akilia kwa funguo. Jioni anapita akifunga. King'ora kikilia anapita akifungua, majogoo wanatoka, wananyoosha shingo, wanawika, na asubuhi inaanza kisheria.

Mwanzoni haikuwa mbaya, tuseme ukweli. Mlezi Mkuu alikuwa bado mtu wa kuamka mapema. Lakini alizeeka, kama tunavyozeeka sisi tusio na ving'ora, na kadiri alivyozeeka ndivyo asubuhi ilivyochelewa. Ilichelewa mpaka jua likagonga madirisha, ikachelewa mpaka nguo zikakauka kambani. Wakulima walikwenda shambani jembe limeviringishwa ndani ya mkeka, ili wakiulizwa waseme wanatafuta pa kulala. Mama lishe waliuza chai kwa jina la dawa, kwa kuwa mgonjwa anaruhusiwa kunywa saa yoyote. Ukimuuliza mtu, "Umeamkaje?" alikujibu, "Sijaamka," na mkaendelea kuzungumza mambo yenu.

Bi Siwema alichoka. Uchovu wake haukuwa wa mikono. Ulikuwa uchovu wa kukaa kitako ukingoja kitu ambacho kimeshafika na kimekukalia mabegani. Alikitazama kile cheti ukutani, na mara nyingine alikigeuza kikatazama ukuta.

Na Mzee Shante je? Kila siku alifungua mlango jua likiwa limetoka, akasimama kizingitini, akanyoosha mgongo, akafungua kinywa, akakifunga. Maneno aliyameza. Mkewe alimsikia akiyameza, kule jikoni, na yeye akameza ya kwake.

Basi siku moja mzee alisahau. Au alichoka, sijui, na yeye mwenyewe baadaye hakusema. Alisimama kizingitini jua limejaa ua mzima, kuku wamejificha kivulini, akanyoosha mgongo, akakohoa.

"Kumekucha, mwenzangu."

Sajini Mwanjelu wa kituo cha kata alikuwa anapita na askari wake. Akasimama.

"Mzee, shikamoo. Umesema nini?"

"Marahaba. Nimesema kumekucha."

"Nani kakwambia?"

Mzee Shante akaonyesha juu. Askari wakatazama juu, kisha wakatazama chini upesi, maana mtu anayelitazama jua usiku lazima ajieleze.

"Umetangaza asubuhi bila kibali," akasema Sajini, na alisema kwa upole, kwa sababu mzee alikuwa amewahi kumpandisha garimoshi bure utotoni. "Tutakushikilia mpaka asubuhi tu. Mama, usiwe na wasiwasi. Mpaka asubuhi, basi."

Wakaondoka naye kwa fulana aliyovaa. Dawa yake ya kuvuta, lile kopo dogo analolipuliza kinywani pumu ikimbana, ilibaki kwenye mfuko wa shati msumarini. Bi Siwema akaiona mara ile ile, akaitia kwenye pindo la kanga, akasema atampa akitoka, maana king'ora hakikuwa mbali.

Siku hiyo king'ora hakikulia.

*

Jua lilipanda likafika utosini. Redio ilipiga nyimbo za kubembeleza watoto. Bi Siwema alijifunga vizuri akaenda kituoni.

Sajini Mwanjelu alikuwa amekaa kaunta, jasho linamtiririka, taa ya kandili inawaka mbele yake kama kanuni za zamu ya usiku zinavyotaka. "Mama," akasema, "usiku wote huu unatembea peke yako?"

"Nimemletea mzee dawa."

"Vitu vya mahabusu hupokelewa asubuhi."

"Ana pumu, mwanangu."

"Najua, mama. Namsikia."

Bi Siwema naye akamsikia. Mahabusu ya kituo kile ilikuwa mpya. Wizara ilipotaka kujenga mahabusu nchi nzima ilichukua mchoro wa kasha la jogoo ikaukuza, kuokoa muda wa kufikiri, na hivyo dari lilikuwa fupi na mtu mzima hakuweza kusimama wima. Kupitia ukuta ilitoka ile pumzi ya mzee, nyembamba, inapiga mluzi kila ikiingia.

"Basi mtoe nje avute hewa."

"Hewa ya usiku si nzuri kwa mwenye pumu," akasema Sajini, na hakuweza kumtazama.

Bi Siwema aliketi kwenye benchi. Jua likachwa. Giza likaja, usiku ndani ya usiku, halafu jua likatoka tena, na kwa mujibu wa sheria ulikuwa bado usiku uleule. Redioni Waziri wa Adabu alihutubia taifa kwa sauti ya kunong'ona ili asiliamshe. Alisema wananchi waendelee kulala, kila kitu kinaendelea vizuri. Alisema usiku wetu sasa ni mrefu kuliko usiku wa nchi yoyote jirani, tena tumeufikia kwa rasilimali zetu wenyewe. Kuhusu Mlezi Mkuu, alisema anaota, na safari hii ni ndoto ya barabara, ndiyo maana ni ndefu.

Watu walikuwa na minong'ono yao. Walisema daktari wa Ikulu amesimama nje ya mlango wa chumba tangu king'ora kiliposhindwa kulia, anaomba ruhusa ya kubisha. Ruhusa hutolewa asubuhi.

Pumzi ya Mzee Shante ikazidi kuwa nyembamba. Sajini alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Zamu yangu inaisha asubuhi," akasema. "Sijaona nyumba yangu. Sijui hata mke wangu ameamkaje."

"Hajaamka," akasema Bi Siwema.

"Mama, mimi si mtu mbaya. Niletee jogoo. Mmoja tu, wa kata hii. Akiwika nafungua, mkono wangu uko kwenye ufunguo. Ila lazima nimsikie akiwika."

Bi Siwema akanyanyuka, magoti yakalia. Kama ni jogoo, alisema moyoni, jogoo ninaye.

*

Bwana Chambulilo alikuwa amelala barazani kwake, funguo juu ya kitambi, macho wazi.

"Nipe ufunguo wa Diwani," akasema Bi Siwema.

"Siwezi, Bi Siwema. Nikifungua kabla ya king'ora nimeasi."

"Shante anakufa."

Mtendaji alizishika funguo zisilie. Kisha akageukia ukutani, kama mtu anayejitafutia usingizi, akasema polepole, "Mbao zile ni za kizembe. Kasha likivunjika lenyewe, hiyo ni bahati mbaya. Bahati mbaya haina ufunguo."

Bi Siwema alirudi nyumbani, akachukua mchi wa kinu, akalivunja kasha. Majirani walisikia kishindo wakaja, wakasimama uani na matandiko mabegani ili waonekane wanalala. Diwani akatoka, manyoya yamebonyea, upanga wake wa kichwani umepauka. Jua lilimpiga usoni. Bi Siwema alishika kanga yake kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, baba. Wika."

Diwani alitazama upande wa Ikulu. Alisubiri. Akaona punje ya mtama chini, akaita mitetea, akaiinua na kuiangusha mbele yao, akawangoja wale, akala kilichobaki. Kisha akatazama tena upande wa Ikulu, akageuka, akarudi ndani ya kasha lililovunjika, akajikunyata mahali pake.

Majirani wakakimbia wakavunja makasha yao. Majogoo walitoka, kata nzima, wakatazama upande mmoja wote, wakarudi ndani. Hata yule aliyevunja posa alirudi, tena alikuwa wa kwanza.

Bi Siwema akaketi chini. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa amewaambia watu wa Waziri kuwa tenga ni la siku chache. Lakini alikuwa amewaambia na la shingo, nalo ndilo waliloliandika. Alilia, wazi, bila kuficha uso, mitetea ikimzunguka kuona kama ana punje.

Kwa kuitazama ile mitetea akamkumbuka mmoja wa zamani, mweusi, aliyepata kuwika. Aliwika mara moja tu, sauti mbaya, ya kukwaruza. Wazee husema mtetea akiwika anaita msiba nyumbani, na dawa yake ni kisu kabla jua halijazama. Bi Siwema mwenyewe alimpeleka kwa jirani. Alimpeleka kwapani, na mtetea hakupigapiga hata bawa, kwa vile alimwamini.

Akajifuta uso kwa kanga. Akainuka.

*

Uwanja wa kituo ulikuwa mweupe kwa jua. Ndani hakukusikika tena mluzi wa pumzi, au kama ulikuwepo, ulikuwa mdogo mno kupenya ukuta. Majirani walimfuata wakasimama mbali, maana walishaelewa anachotaka kufanya, na wanawake wawili walifunika vichwa.

Bi Siwema alisimama katikati ya uwanja. Akavua mtandio. Akanyoosha shingo, ile shingo nyembamba ya bibi, mishipa imesimama, akafumba macho, akawika.

Sauti ya kwanza ilikwaruza ikakatika. Ya pili ilitoka nzima. Ya tatu ilipanda juu ya paa la kituo na kwenda zake, na hakuna mtu mtaa ule aliyewahi kujua kwamba ndani ya mwanamke yule kulikuwa na sauti namna hiyo, yeye mwenyewe hakujua.

Sajini Mwanjelu alitoka akasimama mlangoni. Alimtazama Bi Siwema, mwanamke mtu mzima kichwa wazi. Aligeuka kwa askari wake.

"Mmesikia nini?"

Askari walitazamana. "Jogoo, afande."

"Jogoo wa wapi?"

"Wa kata hii, afande."

"Basi kumekucha," akasema Sajini Mwanjelu. Akazima kandili, akafungua mahabusu.

Mzee Shante alitoka kwa mikono na magoti. Alikuwa hai. Bi Siwema alimwekea kopo la dawa kinywani, akalibonyeza, akalibonyeza tena, na taratibu ile pumzi ikapata njia. Majirani wakashusha matandiko. Watu wa kata ya pili walikuwa wamesikia, wakawika wao wenyewe, na wa kata ya tatu wakasikia wa pili, ikaenda hivyo mpaka mjini, mpaka kwenye kizingiti cha Ikulu, ambako daktari alipata ruhusa yake akabisha, ingawa aliyekuwa ndani alikuwa ameshaacha kusikia.

Bi Siwema hakuwa na habari ya Ikulu. Alimsaidia mumewe kusimama. Mzee alisimama, lakini mgongo ulibaki pale dari lilipouacha, na shingo imeingia mabegani. Jua lilimpiga usoni.

"Haya, mwenzangu," akasema Bi Siwema. "Sema."

Mzee Shante alifungua kinywa. Akamtazama Sajini kwanza. Akatazama upande wa Ikulu. Akafunga kinywa.

Bi Siwema akampitisha mkono kwapani, akambana ubavuni, wakaenda nyumbani polepole hivyohivyo, akisalimiana na majirani njiani.

*

Yaliyobaki ni ya kiserikali. Redio ilitangaza kwamba Mlezi Mkuu alifariki asubuhi, na kwa kuwa asubuhi huanza jogoo akiwika, ilikuwa dhahiri kuwa aliyemuua ni jogoo. Tume iliundwa. Sajini Mwanjelu alishikilia neno lake kwamba alisikia jogoo, na hakuna aliyethubutu kusema alimsikia mwanamke, maana ingekuwa taifa zima limeamshwa na mtetea. Ushahidi wa kasha lililovunjwa kwanza ukamtia Diwani hatiani kwa kosa la kuwika. Walipokuja kumchukua hakurusha hata teke. Aliingia mwenyewe kwenye kapu. Inasemekana firigisi yake aliila Mheshimiwa Lukumbo, ambaye siku hizi ndiye Mlezi Mkuu, ana king'ora kipya chenye sauti ya kisasa, na usingizi, walio karibu naye wanasema, mzito sana.

Makasha yametengenezwa. Bwana Chambulilo anapita na funguo zake.

Bi Siwema hana jogoo tena, na hataki. Lakini alfajiri, kabla ya king'ora, mtu akipita nyuma ya nyumba yake anaweza kumwona amemketisha mumewe kizingitini, mgongo ukutani, bakuli la uji mikononi mwa mzee, yeye wa kwake bado hajajipakulia. Anakaa karibu naye. Hamsukumi wala hamharakishi. Anamwambia, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Kumekucha, mwenzangu," halafu anangoja.

Bado hajajibu. Ila juzi alinyoosha shingo.